Kutandika reli ya treni ndogo mezani: kuanzia mbao hadi kokoto

Reli yangu ya kwanza niliitandika mwezi wa nne, masika yakinyesha, kwenye chumba cha uani hapa Mkuyuni, Mwanza, ambacho hakina dari, ni bati tupu. Nilibana kila kiungio hata wembe usingepita, nikajiona fundi. Mwezi wa nane nikaingia chumbani saa nane mchana nikakuta reli imetoka kwenye mstari wake, imepinda ubavuni, na misumari minne imeng'oka imelala juu ya meza.

Nililaumu joto la bati. Baadaye nilipokaa na kupiga hesabu nikaona joto limesingiziwa. Reli nzuri za treni ndogo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na mchanganyiko huo hurefuka kama milimita 0.17 kwa kila mita joto linapopanda nyuzi 10. Kwa meza yangu ya futi 8, hata nyuzi 15 hazifikishi milimita moja. Mkosaji alikuwa meza yenyewe. Niliipiga kwa mbao za paini mbichi, nikazigandisha ubavu kwa ubavu zikikata njia ya reli. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Kiangazi kilipokausha chumba, meza ilifupika zaidi ya sentimita moja, na reli iliyokuwa imebanwa ncha kwa ncha ikakosa pa kwenda.

Ndiyo maana mwongozo huu unachelewa kufika kwenye reli. Ukiwa na haraka ruka, ila utarudi.

Meza

Nunua plaiwudi ya milimita 12, shiti moja ya futi 8 kwa 4. Ikague dukani: ilaze chini, ikanyage pembe moja, na pembe ya pili ikiinuka iache hapo hapo. Fremu ya chini iwe ya mbao za inchi 1 kwa 3 zilizorandwa, na vikingamo kila sentimita 40. Plaiwudi haichezi sana kwa unyevu kwa sababu tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, kila moja inamzuia mwenzake.

Fundi seremala wa Mabatini aliyenitengenezea fremu ya pili alikataa kuanza siku niliyompelekea mbao. "Zilale kwako kwanza, zizoee chumba, ndiyo uniite." Zililala wiki mbili. Sasa nami siruki hatua hiyo. Kisha paka rangi pande zote, juu, chini na hasa kwenye kingo, maana unyevu wa ziwa huingilia kwenye kingo zilizokatwa. Miguu ya meza isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo; mchwa wa huku hawana adabu.

Kama unaweza kuweka dari, weka, hata ya bei rahisi. Kama huwezi, tandaza turubai chini ya bati. Halafu weka pima maji juu ya meza, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Behewa dogo lina uzito wa gramu mia na kidogo tu, na kwenye mteremko ambao jicho halijauona litaondoka lenyewe.

Reli gani ununue

Ukisimama Igogo, karibu na stesheni ya Mwanza Kusini ambako mabehewa huingizwa kwenye meli ya MV Umoja, reli unayoiona ni ile ya geji ya mita moja iliyotufikia kutoka Tabora mwaka 1928. Geji ni upana kati ya reli na reli. Reli ya kisasa inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ina geji ya milimita 1,435.

Kwenye treni ndogo kipimo kinachouzwa kwa wingi duniani ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli yake ina geji ya milimita 16.5. Gawanya 1,435 kwa 87 utaona imetokea reli ya kisasa kabisa. Reli yetu ya zamani kwa kipimo hicho ingekuwa karibu milimita 12, na reli hizo zipo, ila zina bei na ni adimu. Mimi natumia 16.5 na kujifanya sioni. Chumba kikiwa kidogo sana kuna kipimo cha N, mara 160, geji milimita 9. Kwa anayeanza simshauri, kwa sababu kosa la nusu milimita ambalo HO inalivumilia, N inakuangushia treni.

Kuna vipande vya reli vilivyokwishakunjwa kiwandani, unavipachika kama watoto wanavyopachika matofali ya plastiki, na kuna reli laini, mara nyingi ya milimita 914, unayoikunja mwenyewe. Chukua laini. Ina viungio vichache, na kila kiungio kinachopungua ni tatizo limepungua. Urefu wa chuma cha reli kwenda juu huandikwa kwa namba: 100 ni kama milimita 2.5, na 83 ni milimita 2.1. Namba 83 inapendeza zaidi kwa macho. Namba 100 inasamehe zaidi. Anza na 100. Usinunue reli za chuma cha kawaida hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa hewa hii ya ziwani zitashika kutu kabla hujamaliza meza. Vitu hivi vyote huagizwa nje, kwa hiyo agiza viungio, vile vipande vidogo vya kuunganishia reli na reli, vingi kuliko hesabu yako. Vinapotea kama sindano.

Kuchora njia juu ya mbao

Chora njia yote kwa ukubwa wake halisi juu ya plaiwudi, kwa kalamu ya risasi, kabla hujafungua boksi la reli. Kwa mistari iliyonyooka sitegemei rula. Nina mshipi wa nailoni wa wavuvi, nilioununua Mwaloni Kirumba: unafunga msumari huku na huku, unauvuta mpaka ulie ukiugusa, unaweka alama chini yake kila baada ya shubiri, kisha unaunga alama kwa rula.

Kwa kona chukua fito bapa, toboa tundu la msumari mwisho mmoja, na tundu la kalamu kwenye umbali wa nusu kipenyo unachotaka. Hiyo ndiyo bikari yako. Nusu kipenyo cha sentimita 45 au 46 ndicho kidogo kabisa kwa HO, na mabehewa marefu ya abiria yatalalamika hapo. Kwenye upana wa futi 4 mimi nimeweka sentimita 50. Kona ikigeuka nzima inakula mita moja, na zinabaki kama sentimita 11 kila upande hadi ukingoni. Usijibane ukingoni. Treni ikianguka kutoka meza ya kimo cha kifua hadi kwenye sakafu ya saruji, haiokotwi nzima.

Mambo mawili hapa watu huyadharau. La kwanza, usiingie kwenye kona ghafla. Ukitoka kwenye mstari mnyoofu na kugonga duara moja kwa moja, treni hutikisa kichwa kila inapopita hapo. Sogeza mstari mnyoofu nje ya duara kwa milimita 10 hadi 12, kisha chukua ufito mwembamba unaokunjika, ushikilie kwenye mstari upande huu na kwenye duara upande ule, uache ujikunje wenyewe kwa urefu wa sentimita 30 hadi 40. Fuata ufito huo kwa kalamu. La pili, kona ya kulia isifuatwe papo hapo na kona ya kushoto. Weka kipande kilichonyooka katikati, angalau urefu wa behewa lako refu kuliko yote, vinginevyo mabehewa huvutana vibaya na moja hutolewa relini.

Kwenye milima sitakawia. Kupanda ni sentimita 2 kwa kila mita, tatu ukilazimika. Ukitaka njia moja ipite juu ya nyingine unahitaji nafasi ya sentimita 7 au 8, na hiyo ni karibu mita 4 za kupanda. Kwenye shiti moja ya plaiwudi, achana nayo.

Tandiko

Kati ya mbao na reli hukaa tandiko la milimita 5 hivi, linalopunguza kelele na kuinua njia kama tuta halisi. Wenzetu wa nje hutumia koki, ile ya vizibo vya chupa. Mimi nilikata mkeka wa mazoezi wa povu gumu nilioupata Makoroboi. Bonyeza kwa kidole gumba kabla hujanunua: ukizama kama sponji ya godoro, haufai, reli itacheza juu yake. Ukiwa mgumu kama soli ya ndala, chukua.

Kata mikanda yenye upana wa sentimita 4.5, kisha ipasue katikati kwa urefu uwe na nusu mbili. Nusu moja inakunjika kirahisi kwenye kona, nzima inagoma. Gandisha nusu ya kwanza ukifuata mstari wa kalamu, halafu ya pili ubavuni mwake. Viungio vya nusu hizi mbili visikutane mahali pamoja. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Ikikauka, chukua msasa uliozungushiwa kipande cha mbao upite juu yote taratibu, kisha funga macho upitishe kidole. Kidole kinaona kijivimbe ambacho jicho limekiruka.

Pointi huwekwa kabla ya kitu kingine

Pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, wengine huita njia panda, mimi nasema pointi. Ndiyo sehemu ngumu, haikunjiki, haifupishwi, kwa hiyo iwekwe ya kwanza na reli laini zifuate. Kabla ya kuigandisha, toboa mbao chini ya ndimi zake, zile reli mbili nyembamba zinazosogea kubadili njia, kama utaisukuma kwa mota kutokea chini. Kutoboa baadaye ni kumwaga vumbi la mbao ndani ya kitu ambacho hakitaki vumbi.

Geuza pointi uangalie moyo wake, pale reli mbili zinapokatana. Moyo ukiwa wa plastiki, endelea tu. Ukiwa wa chuma wenye umeme (treni hizi hula umeme kutoka relini), reli mbili zinazotoka kwenye moyo lazima ziungwe kwa viungio vya plastiki, visivyopitisha umeme, la sivyo siku moja utahamisha pointi na kila kitu kitazimika. Weka pointi mahali mkono unafika bila kunyoosha mwili juu ya meza. Na usiiweke juu ya kiungio cha shiti mbili za plaiwudi, hata kama mchoro wako unapendeza hivyo.

Kukunja, kukata na kuunga

Reli laini ikikunjwa, chuma cha ndani hutokeza nje kwa sababu njia yake ni fupi. Ndiyo kitakachokatwa. Tumia koleo maalumu la kukatia reli au msumeno wa chuma wenye meno membamba. Koleo la umeme la kawaida huacha ncha iliyopondeka. Baada ya kukata, piga tupa: uso wa mwisho, kisha ukingo wa ndani kidogo sana, kisha chini, ili kiungio kiingie bila kulazimishwa. Kiungio kikiingia kwa nguvu kina mawili: ama hujapiga tupa vya kutosha, ama kimepita chini ya reli badala ya kuikumbatia. Hilo la pili ni maarufu. Pitisha ukucha juu ya kiungio; ukikwama, vua urudie. Mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, mawili ya mwisho huzuia kiungio, yakate uyaweke kando. Utayarudisha mwishoni ukiwa umeyapunguza unene kwa tupa.

Viungio vya kwenye kona vina dawa yake, nayo ni lehemu. Unganisha vipande viwili vikiwa bado vimenyooka mezani, vilehemu, ndipo ukunje vyote kama kipande kimoja. Ukikunja kwanza na kuunga baadaye, kiungio kinabaki na kona kali kama kiwiko. Tumia chuma cha kulehemu cha fundi redio, cha wati 40 au zaidi, na waya wa lehemu wenye rosini ndani. Usiguse asidi ya mafundi bomba. Kumbatia reli kwa koleo mbili ndogo, moja kila upande wa kiungio, zinyonye joto lisiyeyushe mataruma ya plastiki. Chuma kiwe cha moto kweli, kikae sekunde mbili tatu, kiondoke. Chuma kisicho na moto wa kutosha ndicho kinachoyeyusha plastiki, kwa sababu unakawia nacho.

Kwenye sehemu zilizonyooka usilehemu kila kiungio. Acha mwanya kidogo, unene wa kadi ya benki au pungufu, kwenye kiungio kimoja kati ya viwili. Kama unatandika wakati wa masika, mbao ikiwa imeshiba unyevu, acha mwanya mkubwa kidogo kwa sababu itasinyaa. Ukitandika kiangazi, mwanya mdogo unatosha. Hili ndilo lililonigharimu reli ya kwanza.

Kushikiza

Sasa usishikize chochote. Laza reli yote, ishike kwa pini chache za ofisini zilizochomekwa kati ya mataruma, chukua behewa lako baya kuliko yote, lile linaloangukaanguka, ulisukume kwa kidole kimoja njia nzima. Mbele, kisha nyuma. Likiruka mara moja, rekebisha pale pale. Nimewahi kujiambia "hapa injini itapita tu kwa uzito wake." Haikupita.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi ya gengi, miaka mingi akitunza njia. Nilimwita aone kazi yangu kabla sijaigandisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hii?"

Hakuangalia kutoka juu kama wageni wengine. Aliinama, akalaza shavu juu ya plaiwudi, akafumba jicho moja, akaichungulia reli kwa urefu wake. Akanyamaza muda. "Hapa pana tumbo," akasema, akiweka kidole. Nikaweka rula: kweli, milimita moja, au hata haijafika. "Na hapa taruma limekaa hewani." Nikaingiza karatasi chini ya taruma ikapita. Tangu siku hiyo nalaza shavu. Kutoka juu reli zote zimenyooka.

Ukiridhika, chagua kati ya misumari na gundi. Msumari una uzuri wa kung'oka ukikosea. Toboa tundu katikati ya taruma kwa drili nyembamba kuliko msumari, usukume kwa koleo badala ya nyundo, na ukiache kichwa kikigusa tu plastiki. Ukipigilia mpaka kikazama, taruma hupinda katikati, reli mbili husogeleana, geji hupungua, na magurudumu hupanda juu. Kosa hilo moja limenitoa jasho kuliko mengine yote, kwa sababu ukiangalia huoni kitu.

Siku hizi natumia gundi nyeupe, nikibakiza misumari michache kwenye kona. Paka utando mwembamba juu ya tandiko, uusambaze kwa kadi ya simu ya zamani mpaka uone tandiko kupitia gundi. Ikijaa kati ya mataruma umezidisha. Ruka pointi kabisa. Hizo zishikwe na misumari miwili na reli za jirani zake. Laza reli, hakiki kwa shavu, kisha weka uzito juu: chupa za maji zilizojazwa mchanga, au mawe, ambayo Jiji la Miamba halijawahi kukosa. Iache usiku kucha.

Umeme

Usitegemee viungio kupeleka umeme. Leo vinapitisha, mwakani vina ukungu. Kila kipande cha reli kiwe na nyaya zake mbili nyembamba zilizolehemiwa ubavuni au chini kabla ya kugandisha, zinashuka kwenye tundu na kuungwa na nyaya kuu mbili zinazopita chini ya meza. Kwa nyaya kuu natumia waya wa 1.5, ule ule wa taa za nyumbani. Reli ya mbele nyekundu, ya nyuma nyeusi, na usibadilishe rangi hata waya ukikuishia usiku.

Weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio kila unapounga waya mmoja. Ikilia kati ya reli mbili, kosa liko kwenye waya uliounga sasa hivi. Ukimaliza ishirini ndipo upime, una ishirini za kukagua. Kama unaendesha kwa mfumo wa kidijitali, laza sarafu juu ya reli zote mbili sehemu mbalimbali: kila mara kifaa cha umeme kikate chenyewe papo hapo. Kisipokata, umeme haufiki vizuri hapo, ongeza waya. Njia ikizunguka na kujirudia yenyewe kama tanzi, reli ya kulia hukutana na ya kushoto, na huo ni shoti. Itenge kwa viungio vya plastiki ncha zote mbili, uwekee swichi yake.

Endesha treni wiki nzima hivi hivi, reli ikiwa uchi. Najua unatamani kokoto. Subiri.

Kokoto

Kokoto za dukani zipo, lakini nani anunue mawe Mwanza? Wanapoponda kokoto za ujenzi hubaki vumbi la granaiti, na ndiyo rangi halisi ya njia zetu. Lichekeche mara mbili: kwanza kwa chekeche ya unga, ubaki na kilichogoma kupita; kisha kwa wavu wa dirisha wa mbu, uchukue kilichopita. Osha, kausha kwenye sinia juani. Halafu pitisha sumaku, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili uisafishe kirahisi. Mimi nilitoa kijiko kizima cha unga mweusi kwenye kilo moja. Mota za injini zina sumaku ndani, na unga huo ungeishia huko.

Mwaga kidogo kidogo katikati ya reli, sambaza kwa brashi laini, ugonge reli kwa mpini wa brashi zishuke. Zisifike juu ya mataruma, wala karibu na ndimi za pointi. Nyunyizia maji yenye spiriti ya duka la dawa mpaka zilowe bila kusogea. Chupa ya manyunyu iwe ya ukungu mwembamba, matone makubwa huchimba mashimo. Kisha changanya gundi nyeupe sehemu moja na maji sehemu moja na nusu, matone mawili ya sabuni ya maji, uvute kwa bomba la sindano na kudondosha katikati ya reli. Itajisambaza yenyewe. Futa juu ya reli sasa hivi kwa kitambaa chenye spiriti, na sukuma ndimi za pointi huku na huku kila baada ya dakika kumi hadi zikauke, maana gundi hupenda kutambaa.

Funga dirisha na uzime taa usiku huo. Mimi nilisahau, wingu la wadudu wa ziwani likaingia, na asubuhi nikakuta wamegandia kwenye kokoto kutoka pointi ya kwanza hadi ukingoni. Nilikaa na kibanio cha nyusi cha mke wangu mpaka saa saba mchana.